Kupona na Kupoa: Je, Majeruhi Anadaiwa Shukrani?

MWALIMU WA SANAA: Nianze na kitambaa. Katika Kanisa Kuu la St Paul's, London, kuna kitambaa cha altare kilichodariziwa na wanaume zaidi ya 130. Walikuwa askari wa Uingereza, Australia, Kanada na Afrika Kusini waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na wakiwa bado wanauguza majeraha wakapewa sindano na nyuzi za rangi. Kila mmoja alidarizi kipande chake, kisha mafundi wa Royal School of Needlework wakaviunga vipande vyote: kikombe cha dhahabu katikati, makuti ya mitende, maua na ndege. Julai 1919 kitambaa hicho kilitandikwa altareni kwenye ibada ya kitaifa ya shukrani, Mfalme George wa Tano akiwepo. Nimeanza na hicho kwa kuwa siku hizi mtu akisikia sanaa imeingia wodini hudhani ni mtindo wa juzi, umekuja na warsha na fulana za mradi. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, watu wasio na muda wa mchezo walikwisha kuona kwamba aliyevunjika hahitaji kulala tu akihesabu mbao za dari. Marekani nako, mwaka 1917, ndipo kilipoundwa chama cha kwanza cha watoa tiba kwa kazi za mikono, na wanawake waliotumwa kwenye hospitali za jeshi walifundisha kusuka vikapu na kufuma nguo. Hoja yangu ni kwamba mtu aliyeumia akitengeneza kitu kizuri, kwa mikono au kwa mdomo ikiwa mikono imegoma, hupata nafuu ambayo vidonge havimpi. Na nafuu hiyo, ikikomaa, humfikisha mahali pa kushukuru bila kusukumwa na mtu.

DAKTARI WA MIFUPA: Mwalimu, umeshona mambo matatu kwa uzi mmoja, niruhusu niyafumue. La kwanza ni mkono. Mkono uliotoka kwenye hogo baada ya wiki sita umesinyaa, viungo vimekaza, na kinachoulegeza ni kuutumia: bana, achia, bana tena. Sindano hufanya hivyo vizuri sana. Lakini kuchambua mchele nako hufanya hivyo, na kufunga vifungo vya shati, na kukamua nguo. Nguvu ikirudi, sifa ni ya marudio, wala ndege na maua hawana lao hapo. La pili ni moyo wa mgonjwa, na hapa ndipo watu wa sanaa hupenda kutuletea tafiti. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika picha, wakawapima mate kabla na baada ili kuona kortisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Kwa takriban asilimia 75 yao ilishuka. Habari ikazunguka dunia. Walioizungusha hawakusema kwamba wale walikuwa watu wenye afya zao, wala kwamba halikuwepo kundi la pili lililokaa dakika hizohizo 45 likinywa chai na kupiga soga. Ukitaka utafiti wenye makundi ya kulinganisha, upo. Ulifanyika Uingereza kwa wagonjwa 417 wa skizofrenia, maradhi ya akili, na kuchapishwa katika jarida la tiba la BMJ mwaka 2012. Waliopangiwa vipindi vya sanaa kila wiki kwa mwaka mzima hawakuwazidi wenzao waliopata huduma ya kawaida, walipopimwa tena miezi 24 baada ya kuanza. Na kama kejeli, utafiti wenyewe ulipewa jina MATISSE, kama yule mchoraji wa Ufaransa. La tatu ni hiyo shukrani, na sitaigusa kwanza, maana hata sijui ni ugonjwa gani inautibu.

MWALIMU WA SANAA: Huo wa MATISSE nauchukua wote, Daktari, pamoja na sehemu uliyoiruka. Wengi waliopangiwa vipindi walivihudhuria mara chache au hawakufika kabisa. Sanaa ya kupangiwa na karani ni kama chakula cha kushikiwa pua: ukipima mwili wa aliyekitema, umepima nini? Tena skizofrenia ni maradhi ya namna nyingine kabisa, wakati sisi tunamzungumzia mtu ambaye juzi alikuwa mzima na leo ana vyuma mguuni. Ila nadhani tunagombana kwa sababu unapima kupona, nami nazungumzia kupoa. Kiswahili kimetenganisha mambo haya zamani. Mtu akiumia tunamwambia "pole", naye hujibu "nimeshapoa", hata kama damu bado inachuruzika kwenye bandeji. Hadanganyi. Hajasema amepona, amesema ule moto umeanza kutulia kwa kuwa mwenzake ameuona. Kupona ni kwa nyama na mfupa, na huko wewe ndiye bingwa. Kupoa ni kwa mwenye mfupa. Sasa angalia ushahidi kwa jicho hilo. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika juu ya jambo lililowaumiza, wakataja na walivyojisikia, walitoka na huzuni zaidi siku ileile. Lakini miezi iliyofuata ndio waliokwenda mara chache zaidi kwenye zahanati ya chuo. Ungewapima mlangoni wakitoka ungesema kuandika kunadhuru. Na hiyo shukrani unayoikwepa imepimwa pia: Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003, waliwataka watu wenye maradhi ya mishipa ya fahamu na misuli waandike kila siku, kwa siku 21, mambo wanayoyashukuru. Walilala vizuri zaidi na walikuwa na moyo mkunjufu kuliko ambao hawakuandika. Maradhi yao hayakuondoka. Hakuna aliyesema yangeondoka.

DAKTARI WA MIFUPA: Chai nayo hupoa, Mwalimu, hata asipokuwepo wa kuipepea. Wengi wa majeruhi wangu baada ya miezi kadhaa hucheka, hugombana na ndugu zao, huulizia matokeo ya mpira. Hawakuchora chochote. Nitajuaje kwamba aliyechora amepozwa na rangi na si na siku?

MWALIMU WA SANAA: Kwa kumtazama yule ambaye siku hazikumponya. Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, alikuwa na miaka 18 tarehe 17 Septemba 1925, basi la mbao alilopanda jijini Mexico lilipogongwa na tramu. Uti wa mgongo ulivunjika sehemu tatu, mguu wa kulia sehemu 11. Mtulinga, mbavu na nyonga vikaenda, na chuma cha kushikilia abiria kikampita mwilini. Alikuwa akijiandaa kusomea udaktari, kazi yako wewe. Alipolazwa chali miezi kadhaa ndani ya hogo, mama yake alimtengenezea kiegemezo maalumu cha kuchorea akiwa amelala, na kioo kikafungwa juu ya kitanda. Mtu asiyeweza kugeuza shingo ana kitu kimoja tu cha kuchora, uso uliomo kwenye kioo. Na kati ya picha zake takriban 143, karibu 55 zinamwonyesha mwenyewe. Hiyo chai yako haikupoa kwa siku wala kwa miaka. Inakadiriwa alipasuliwa mara 30 au zaidi, mwaka 1953 akakatwa mguu, mwaka 1954 akafa na miaka 47. Maumivu yalikuwa yaleyale, lakini kwa miaka 29 kila asubuhi iliyowezekana alikuwa na kazi ya kufanya juu ya maumivu hayo. Mgonjwa humezwa na maumivu kwa kuwa hayana umbo. Huwezi kuyaweka mezani ukayatazama. Aliyeyachora ameyapa ukingo. Turubai lina pembe nne, na nje ya pembe hizo kuna chumba, paka, chakula, watu.

DAKTARI WA MIFUPA: Nashukuru umemleta Frida, maana ni shahidi wangu. Huyu aliyechora karibu kila alichotendwa na mwili wake hakuichora ile ajali kwa rangi hata siku moja. Kuna mchoro mmoja wa penseli wa mwaka 1926. Mwaka 1929 alichora picha ya basi, abiria wamekaa kwenye benchi kwa utulivu, tramu haijafika, akaishia hapo. Kama sanaa hupoza jeraha kwa kulipa ukingo, mbona jeraha kubwa kuliko yote lilibaki bila turubai? Ila kuna jambo la ajabu zaidi. Mexico kuna desturi ya kuchora vibati vya shukrani. Mtu akinusurika na ajali au maradhi humlipa fundi wa mtaani, naye huchora juu ya kipande cha bati tukio lenyewe, mtakatifu akiwa amejitokeza mawinguni pembeni, na chini maneno: fulani, wa mahali fulani, anashukuru kwa kuokolewa. Kibati hupelekwa kanisani na kutundikwa ukutani pamoja na mamia ya vingine. Frida na mumewe, Diego Rivera, walikusanya vibati hivyo kwa mamia. Karibu na mwaka 1943 akakipata kimoja kilichofanana na ajali yake: basi, tramu, msichana amelala relini. Akachukua brashi, akamwongezea yule msichana nyusi zake mwenyewe zilizoungana, akaandika majina ya mahali, na chini akaandika shukrani. Basi, picha pekee ya rangi inayoonyesha ajali ya Frida Kahlo ilichorwa na mtu mwingine, kwa ajili ya ajali nyingine. Na shukrani zile zimeandikwa kwa jina la nani? La wazazi wake. Guillermo na Matilde ndio wanaoshukuru kwa binti yao kuokolewa. Yeye mwenyewe, mwaka uliofuata, alijichora mwili umepasuka katikati, nguzo ya mawe iliyovunjika mahali pa uti wa mgongo, misumari mwili mzima, machozi yanatiririka. Mwaka 1945 akachora nyingine na kuiita "Bila Matumaini". Hizo ni picha kubwa, sibishi. Lakini usiniambie ni za mtu aliyefika kwenye shukrani.

MTETEZI WA HAKI ZA WATU WENYE ULEMAVU: Nimewaacha mgawane mwili wa yule mama, sasa niwaulize wote wawili. Kwa nini tunamtaka majeruhi ashukuru? Mwalimu ametukumbusha "pole" na "nimeshapoa". Mimi nawakumbusha neno lingine la wodini. Ukimuuliza mgonjwa "unaendeleaje?", hujibu "nashukuru" au "namshukuru Mungu". Hilo ni jibu la adabu. Halina habari ndani yake. Linamwondolea anayeuliza mzigo wa kusikia kwamba usiku wa jana hakulala, kwamba vidonda vya mgongoni vinanuka, kwamba mwenye nyumba ameshamtolea mke wa mgonjwa vyombo nje. Wanaokuja na rangi na karatasi mara nyingi huja na kamera pia, na picha wanayoitaka ni moja: mlemavu anatabasamu, brashi mdomoni, maua. Aliyechora hasira hatundikwi ukutani. Mmesema juu ya kitambaa cha London. Tazameni nani aliyepewa sindano. Vita vilevile vilipiganwa huku kwetu, na zaidi ya watu milioni moja walibebeshwa mizigo kwa vichwa kutoka Voi hadi Songea. Kariakoo ya Dar es Salaam imeachiwa jina na kambi yao, Carrier Corps. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao ni wafu. Kama waliokufa hawakustahili hata mstari wa wino, nani angemfikishia nyuzi za dhahabu mpagazi aliyerudi Ugogo na mguu uliooza? Huyo hakuitwa kwenye ibada ya shukrani. Ndiyo maana neno hili likitajwa mimi hutazama kwanza nani anashukuru, anamshukuru nani, na nani amekaa kiti cha mbele akishukuriwa.

MWALIMU WA SANAA: Hilo la kamera halina mtetezi hapa. Na la wapagazi nalikubali kwa uzito wake wote, lakini angalia umelitoa wapi. Unalalamika kwamba hawakupewa sindano. Mtu halalamikii kunyimwa kitu kisicho na faida. Sasa nirudi kwa Daktari na kile kibati, maana amekisoma nusu. Frida hakuandika shukrani kwa jina lake mwaka 1943, sawa. Mwaka 1951 aliziandika kwa brashi. Daktari Juan Farill alikuwa amempasua mgongo mara saba katika kipindi kimoja kirefu cha kulazwa. Alipoweza kukaa, akachora picha: yuko kwenye kiti mwendo, ameshika brashi zinazodondosha wekundu, ubao wa kuchanganyia rangi ni moyo wake mwenyewe, na kando yake kwenye kiegemezo imesimama sura ya Farill. Ni kile kibati cha kanisani, daktari amewekwa mahali pa mtakatifu. Hakuna aliyemdai. Na picha haina tabasamu wala maua. Shukrani na damu viko pamoja, hiki hakikufukuza kile. Mtetezi, shukrani unayoichukia ni ya kudaiwa, nami naichukia pia. Lakini iko ya kutoa. Tazama kijijini: mtu akipona humpelekea aliyemtibu kuku. Kuku yule halipii matibabu, kila mtu anajua. Anarudisha usawa. Kwa miezi huyu amekuwa wa kupewa tu: kupewa uji, kupewa dawa, kupewa pole, kugeuzwa kitandani. Siku anayotoa kuku amerudi kuwa mtu mwenye cha kutoa. Aliyelazwa na asiye na banda la kuku atatoa nini? Tomihiro Hoshino alikuwa mwalimu wa michezo Japani. Mwaka 1970, miezi michache baada ya kuajiriwa, alianguka akionyesha wanafunzi kupinduka hewani, shingo ikaumia, mikono na miguu ikapooza. Alikaa hospitalini miaka tisa. Mwaka 1972 alianza kuandika na kuchora kwa kalamu mdomoni, na alichokichora ni maua, yale wanayoletewa wagonjwa. Ua aliloletewa kama pole likatoka chumbani kama picha kwa ajili ya mtu mwingine. Mwaka 1991 kijiji chake kilifungua jumba la makumbusho la picha hizo. Wewe unaona mlemavu na maua. Mimi naona mtu aliyekataa kubaki mpokeaji.

MTETEZI WA HAKI ZA WATU WENYE ULEMAVU: Na karatasi ilishikwa na nani? Hoshino hakuweza kunyoosha mkono. Mtu mwingine alimwekea karatasi mbele ya mdomo, akamchanganyia rangi, akasubiri. Mama yake alimuuguza miaka yote ile. Kwenye simulizi zenu za sanaa na tiba huyo anayeshika karatasi huwa amekatwa pembeni mwa picha, na huku kwetu ndiye mke au mama ambaye ameacha genge lake la nyanya ili akae wodini. Ingieni wodi yoyote ya mifupa, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala: kijana wa bodaboda aliyevunjika paja alikuwa analisha watu watano kwa pesa ya siku. Ukimpelekea rangi za maji kabla ya kumwambia nani atalipa kodi ya mwezi huu, umemtukana. Ndiyo maana mimi nawaamini zaidi wenye karakana kuliko wenye warsha. Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003, ikiwa na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Bombolulu, Mombasa, ipo tangu 1969, wanatengeneza vito na nguo. Wengi pale hawakuumia ajalini. Wapo waliopooza utotoni, wapo viziwi. Lakini utaratibu ndio nautaka: kitu kina bei, fundi ana ujira, na mnunuzi akishapewa mkoba wake yeye ndiye anayesema asante. Shukrani imegeuka upande. Hapo nakaa bila wasiwasi.

MWALIMU WA SANAA: Mkoba ukinunuliwa kwa huruma je?

MTETEZI WA HAKI ZA WATU WENYE ULEMAVU: Hununuliwa mara moja. Mshono ukifumuka, huruma haimrudishi mteja. Fundi anajua hivyo, ndiyo maana hukazana na mshono.

DAKTARI WA MIFUPA: Mmenifikisha mahali ambapo sikupanga kufika, na nitasema kwa lugha ya fomu, kwa kuwa ndiyo lugha yangu. Tukitaka kujua majeruhi amefika wapi, hutumia kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965. Kina vipengele kumi: kula, kuoga, kujitengeneza uso na nywele, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, kutembea, kupanda ngazi. Alama zikitimia ni 100. Ni kipimo kizuri, kinatuambia nani arudi nyumbani na nani abaki. Lakini nimekuwa nikikigeuza kichwani tangu mlipotaja kuku. Aliyepata 100 ni mtu asiyemhitaji mtu. Hakuna mstari unaouliza kama kuna mtu anayemhitaji yeye. Hoshino, kwa kipimo changu, angekuwa karibu na sifuri tangu 1970, na jumba la makumbusho halimwongezei hata nusu alama. Ama kipimo kina pengo, ama jumba lile ni urembo tu. Bado nashikilia nililosema: sina ushahidi kwamba rangi huunga mfupa, na tafiti za kupoza moyo ni changa, nyingi za watu wachache, nyingine bila kundi la kulinganisha. Nashikilia pia kwamba mazoezi ya kubana na kuachia hayahitaji ndege wala maua. Ila hapa niongeze jambo dhidi yangu mwenyewe. Yeyote aliyemtazama mtu akishona kofia ya viua, kitundu baada ya kitundu kwa wiki na miezi, anajua kwamba hakuna mgonjwa atakayebana na kuachia mpira wa mazoezi kwa muda huo. Mpira hutupwa chini ya kitanda siku ya tatu. Kofia ina mtu atakayeivaa. Yale marudio niliyoyasifu mwanzoni yanahitaji sababu ya kurudiwa, na sababu hiyo siwezi kuiandika kwenye cheti cha dawa.

MWALIMU WA SANAA: Basi tumekubaliana.

DAKTARI WA MIFUPA: Bado. Wewe unataka shukrani iwe mwisho wa safari. Mimi nimekubali tu kwamba mgonjwa awe na wa kumtengenezea kitu. Akishukuru, asiposhukuru, si dalili ya kitabibu, na sitaki muuguzi aiandike kwenye faili. Yule aliyechora "Bila Matumaini" mwaka 1945 ndiye aliyemchora Farill mwaka 1951. Angekuja mtu mwaka 1945 akamwambia ajitahidi kushukuru, nadhani angefukuzwa kwa tusi, na angestahili.

MWALIMU WA SANAA: Nami ningemfungulia mlango atoke. Lakini kama asingepewa brashi baada ya ajali, mwaka 1951 angeshukuru kwa nini? Kwa maneno ya adabu, yale ya "nashukuru" ya Mtetezi. Sidai kila anayechora atafika. Nadai njia iwepo.

MTETEZI WA HAKI ZA WATU WENYE ULEMAVU: Njia hugharimu. Sindano, nyuzi, ujira wa anayeshika karatasi, na kodi ya nyumba kabla ya yote hayo. Kile kitambaa cha London kiliwekwa stoo baada ya altare kupigwa bomu mwaka 1940, na mwaka 2014 kikatolewa tena kionekane. Kumbukumbu nayo ni bajeti. Kwa hiyo, Daktari, acha kukigeuza kipimo kichwani. Ongeza kipengele cha kumi na moja kwenye fomu yenu ya wodi.

DAKTARI WA MIFUPA: Kiulizwe vipi?

MWALIMU WA SANAA: "Wiki hii umemtengenezea nani kitu?"

MTETEZI WA HAKI ZA WATU WENYE ULEMAVU: Na nafasi ziwe tatu za kujaza: jina la mtu, "bado", na "sitaki". Atakayejaza "sitaki" asipunguziwe alama.